Binadamu yupi huyo?

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Kila nikisoma habari za mazingira nakuta maneno yaleyale, "binadamu ndo anaharibu mazingira", basi imeisha hapo. Binadamu yupi jamani? Maana mvuvi wa ziwani na bosi aliyekaa ofisini mbali huko anapanga maji yaende wapi, wote mnawatia kapu moja.

Chukulia Bahari ya Aral kule Asia ya Kati, ambayo kiukweli ni ziwa, tena lilikuwa la nne kwa ukubwa duniani. Kuanzia miaka ya 1960 Wasovieti (serikali ya Muungano wa Kisovieti, makao yake Moscow) wakachepusha maji ya mito Amu Darya na Syr Darya kwa wingi yakamwagilie pamba, ziwa likarudi nyuma mpaka meli zikabaki zimekaa mchangani, halafu vumbi la chumvi na madawa ya shambani likawa linapulizia watu waliobaki pale. Uamuzi ulitoka Moscow, vumbi wakalila wengine.

Newfoundland kule Kanada nako, wavuvi wa boti ndogo walipiga kelele miaka ya 80 kwamba samaki wanaoitwa kodi (sio kodi ile mnayoijua) wanapungua na wanakuwa wadogo, wanasayansi wa serikali wenye mahesabu yao wakasema wapo tele. 1992 uvuvi ukafungwa, watu kama elfu 30 hawana kazi.

Sasa linganisha na kijiji cha Törbel, milimani Uswisi. Mwaka 1517 waliandikiana kwamba hakuna kupandisha ng'ombe wengi malisho ya mlimani kuliko wale unaoweza kuwalisha mwenyewe kipindi cha baridi. Yaani nyasi za ghalani kwako ndo kipimo chako, na ukizidisha msimamizi wa kijijini hapohapo anakupiga faini. Elinor Ostrom aliyepata Nobel ya uchumi 2009 alikitumia kijiji hiki kuonyesha kwamba mali ya wote si lazima iishe.

Sisemi wanakijiji ni malaika, hata Wasumeri, watu wa kale wa kusini mwa Iraki ya leo, walimwagilia mashamba yao wenyewe mpaka chumvi ikapanda juu, ngano ikagoma wakahamia shayiri.

Ila waandishi wako, mhariri, wakituletea picha ya mto mkavu waache kutuandikia "shughuli za kibinadamu". Watuambie maji yameenda shamba la nani, nani alisaini, na wanaochota pale waliulizwa au waliona tu mabomba yanapita.

Msomaji wenu