Barua ya wazi kwa Waziri wa Michezo: bondia akistaafu apewe kazi ya ukocha

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Mwanza, huku Igogo, na naenda moja kwa moja kwenye ishu maana najua mezani kwako barua ni nyingi. Nchi yetu haijapeleka bondia Olimpiki tangu Selemani Kidunda alipoenda London 2012. Rio hatukuwa na mtu, Tokyo hatukuwa na mtu, Paris 2024 vilevile. Na hii ndo nchi ambayo Titus Simba aliiletea medali ya fedha ya Jumuiya ya Madola kutoka Edinburgh 1970, Michael Yombayomba akachukua dhahabu Kuala Lumpur 1998, halafu juzi tu Birmingham 2022 Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike wakarudi na shaba mbili. Kwa hiyo mtu asije akakwambia eti Watanzania ngumi hatuziwezi, tunaziweza sana, tunachokosa ni makocha wanaolipwa, na watu wa kuwafanya makocha tunao tayari, ni wale mabondia wetu wa zamani tuliowaacha mtaani wajitafutie.

Nikupe mfano wa mbali kidogo. Olimpiki ya Seoul 1988, uzito wa kilo 67, Robert Wangila wa hapo jirani Kenya alichukua dhahabu, bondia wa kwanza wa Kenya kuipata, Afrika Mashariki nzima ikajivunia. Kwenye uzito huohuo alikuwepo jamaa wa Ireland anaitwa Billy Walsh, yeye akapigwa mapema na Mkorea akarudi kwao mikono mitupu. Ila kwao hawakumtupa, baadae wakamwingiza kwenye programu ya timu ya taifa mpaka akawa kocha mkuu. Sasa angalia kilichotokea. Athens 2004 Ireland ilikuwa na bondia 1 tu, Andy Lee. Beijing 2008 wakatoka na medali 3. London 2012 wakapata 4, mojawapo dhahabu ya Katie Taylor. Mwaka 2015 wakashindwana naye kwenye mkataba, Walsh akaenda kufundisha Marekani, na Rio 2016 Ireland haikuambulia hata medali moja ya ngumi wakati Marekani walipata 3, Claressa Shields akiwa na dhahabu yake. Sisemi ni yeye peke yake, wanaopanda ulingoni ni mabondia, lakini mtu aliyepigwa raundi ya mwanzo Seoul ameacha alama kubwa kwenye ngumi kuliko wengi waliomshinda.

Na wala sio Wazungu tu. Ng'ambo ya ziwa letu hili, Uganda, Grace Sseruwagi alipigana Olimpiki ya Roma 1960 kisha akaja kuwa kocha wa timu ya taifa.

Sasa njoo Mwanza. Kuna kocha mmoja hapa, jina nalihifadhi kwa sababu hajanituma, alishawahi kuitwa timu ya taifa enzi zake. Alfajiri yuko Mwaloni Kirumba anashusha magunia ya dagaa, jioni yuko na vijana kwenye kibanda cha kuazima. Amefunga kamba ya nyavu kutoka ukuta hadi ukuta usawa wa mabega, vijana wanapita chini yake huku wanachepuka kushoto kulia, kichwa kikiibuka tu lazima jabu, ile ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele, itoke na mkono urudi shavuni. Mwenye tabia ya kunyanyua kidevu anapewa soksi iliyokunjwa aibane chini ya kidevu, ikidondoka anarudi kuanza upya. Glovu ni pea mbili, zinavuliwa kwa huyu zimelowa jasho anavaa yule. Mtoto mgeni akija, kocha anamwangalia miguu kwanza, mikono baadae sana, na ukimuuliza anakwambia ngumi inaanzia kwenye unyayo. Vitu kama hivi huwezi kuvipata kwa kuangalia video kwenye simu, huyu amevipata kwa kupigwa.

Halipwi na mtu. Kuna wakati aliombwa aandae vijana wa mkoa kwa mashindano, akawaandaa, nauli yake akajilipia, na bandeji za mikono akanunua yeye kwa hela ya dagaa. Kwa kweli iliniuma sana mimi niliyekuwa namwangalia.

Na najua kuna watakaosema bondia mzuri sio lazima awe kocha mzuri. Ni kweli, ndo maana naomba na kozi sio mshahara tu. Ngumi za ridhaa zimebadilika mno, zamani mashine ilikuwa inahesabu ngumi zinazotua, kuanzia 2013 majaji wanatoa pointi 10 kwa mshindi wa raundi kama kwenye ngumi za kulipwa, na mwaka huohuo wanaume wa ngazi ya juu wakavuliwa zile kofia za kukinga kichwa. Mtu aliyestaafu kabla ya hapo anahitaji kufundishwa upya, na majeraha ya nyusi zikichanika anatakiwa ajue kuyatibu akiwa kona kati ya raundi na raundi. Sasa kozi zenyewe mara nyingi ziko Dar, na mtu anayeishi kwa kibarua cha siku hawezi kuacha familia wiki nzima bila kitu. Zileteni huku kanda ya ziwa, daraja la Kigongo–Busisi limeshafunguliwa, wa Geita wanafika bila kusubiri kivuko, wa Mara, Simiyu na Shinyanga wana lami, hata wa Bukoba atafika.

Vijana wetu wasipopata kocha wa ridhaa wanakimbilia ngumi za kulipwa wakiwa bado wabichi, wanapandishwa raundi nyingi na watu wazima kwa hela ndogo, wanaumizwa, na hakuna anayewafatilia tena.

Ngumi zimethibitishwa kuwepo Los Angeles 2028. Muda wenyewe ndo huu unaoyoyoma. Ombi langu, Mheshimiwa, kila mkoa uwe na ajira hata moja ya kocha wa ngumi za ridhaa chini ya ofisi ya michezo, ya mkataba, yenye mshahara unaoeleweka, na wa kwanza kufikiriwa wawe waliowahi kuivalia nchi bendera. Baraza la Michezo la Taifa (BMT) na shirikisho la ngumi wana kumbukumbu za timu zilizopita, majina hayo si ya kutafuta kwa tochi. Ukiwa na ziara Mwanza nitakupeleka mwenyewe kwenye hicho kibanda, mazoezi yanaanza saa kumi na moja jioni, Jumatatu mpaka Jumamosi.

Wako,
Mpenzi wa ngumi za ridhaa, Igogo, Mwanza