Kwa mwanangu wa mizinga

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Mama yako hajambo, karanga amevuna lakini mvua haimpi nafasi ya kuzianika. Nakuandikia kwa sababu Jumapili simu ilikatika nikiwa bado na neno.

Ulinichekesha uliposema nyie wa mizinga mnawaita askari wa miguu "vumbi". Sisi kombania yetu tuliwaita wa mizinga "abiria", kwa kuwa walipanda magari na sisi tukitembea. Tukiwaambia, "Mnapiga msichokiona," wao wanajibu, "Na nyie mnaona msichokifikia." Hayo endeleeni nayo. Kilichoniuma ni pale uliposema kijana wa miguu alianguka kwa jua kwenye matembezi, na gari lenu likampita mnaimba. Huo si utani, mwanangu.

Utani unaujua. Siku ya kumzika babu yako ulimwona yule Mzaramo aliyejilaza kaburini, akasema Mnyamwezi hashuki mpaka yeye alipwe. Watu wakacheka huku wanalia. Lakini usiku wa kuamkia siku ile nani alikesha na jembe? Ni yeye. Angekuja kucheka tu bila kuchimba, tungemfukuza.

Sasa nikueleze ya kwetu. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na mwanzoni mwa Novemba wakalivunja daraja la Kyaka. Tulipokwisha kuwatoa, mwaka 1979 tukavuka mpaka kwa Mutukula kuelekea Masaka. Tulitembea. Mvua ilikuwa inanyesha, udongo unashika buti mpaka mguu unakuwa mzito kama gogo.

Kwenye kombania yetu alikuwepo koplo mmoja wa mizinga, kazi yake kutembea nasi na redio na darubini ili awaambie wenzake wa nyuma pa kupiga. Abiria amepewa miguu! Tulimsumbua sana. Malengelenge yalimpasuka visiginoni siku ya pili, akafunga vitambaa, akatembea.

Asubuhi moja rashasha ilitubana kutoka mlimani. Nilikuwa kifudifudi kwenye shamba la migomba, maji ya mtaro yanaingia shingoni, na majani juu yangu yanakatika vipande vipande. Yule koplo alitambaa akanipita, akajiinua kwa viwiko, akaweka darubini machoni. Akasoma namba kwenye redio taratibu, kama karani anayesoma majina ya watu wa kulipwa. Kombora la kwanza likapita mlima. Akasahihisha. La pili likaanguka upande wetu, udongo ukatumwagikia. Akasahihisha tena, sauti ile ile. La tatu likapiga penyewe. Rashasha ikanyamaza. Akanigeukia akasema, "Vumbi, inuka."

Jioni ile ile mzinga wao ulizama kwenye tope hadi ekseli. Hatukungoja amri. Tulishika kamba watu thelathini, tukasukuma, na makombora tukayashusha garini moja moja ili kulipunguzia uzito. La milimita 122 lina kilo zipatazo 22, na likilowa linateleza, unalikumbatia kama mtoto. Ndipo nilipojua kwa nini wapakiaji wao wana migongo ile. Tangu siku hiyo sikusema tena kwamba wao wanapigana wamekaa.

Masaka tuliichukua tarehe 24 Februari. Kabla ya hapo tulimpoteza rafiki yangu wa mahandaki, kijana mcheshi aliyewatania wa mizinga kuliko sisi sote. Wao ndio waliokuja kumchukua. Walishusha vitu vyao kwenye gari lililokuwa linarudi kufuata makombora, wakatandika maturubai yao wenyewe, na mmoja akapiga magoti kumfuta tope kwenye buti kwa shuka lake. Hakuna aliyewaagiza. Leo amelala Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita ile, pamoja na wenzake.

Kwa hiyo mtafute yule kijana aliyeanguka. Mpelekee maji, kisha mtanie mpaka achoke.

Yule koplo alifariki mwaka jana. Nilikwenda kumzika. Kwa umri huu sikuweza kulala kaburini, nikakaa ukingoni nikaning'iniza miguu, nikatangaza kuwa abiria hashuki mpaka nilipwe jasho langu la kusukuma mzinga. Wanawe walishangaa. Mjane wake alicheka mpaka akashika mbavu, akafungua fundo la kanga, akanipa sarafu ya shilingi mia mbili. Nimeiweka kwenye mkoba wa vyeti. Ukija likizo nitakuonyesha.

Baba yako