Maumivu ya mama yangu na mjadala wa kufa kwa hiari

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Siku hizi watu wanabishana kama daktari aruhusiwe kumsaidia mgonjwa kufa, kama Uholanzi ilivyoruhusu kisheria mwaka 2002. Kwetu Tanzania kumsaidia mtu kujiua ni kosa la jinai, nami nataka libaki hivyo. Ila anayeomba kufa simlaumu, maana mama yangu aliomba.

Alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi, tunamuuguza nyumbani Rungwe. Zahanati ilikuwa na Panadol tu. Usiku aling'ata pindo la khanga ili wajukuu wasimsikie. "Mwanangu, niacheni niende."

Tulikwenda Mbeya mjini mara tatu ndipo tukapata mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu, ya kunywa kila baada ya saa nne. Siku ya pili akaomba ndizi na maziwa mgando. Hakutaja kufa tena. Aliishi wiki sita, akatugawia shamba la chai mwenyewe, kwa sauti yake.

Muuguzi mmoja alituonya kwamba tutamfanya teja. Neno lile bado linaniuma. Wauguzi wafundishwe tiba shufaa, yaani kumtuliza mgonjwa asiyepona, na mofini ifike wilayani kabla hatujajadili ya Uholanzi.

Msomaji wako,
Tukuyu