Dada wa Salalah, waachie wageni wakune nazi wenyewe

Dada yangu,

Hujambo na wanao? Huku Unguja sote wazima. Nakuandikia hadharani kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi, nikianza tu unaniambia kuna mgeni mlangoni. Na najua wako wenzio ughaibuni wenye nyumba za wageni, wanafundisha mapishi vilevile unavyofundisha wewe.

Nilipokuja kwako huko kusini mwa Oman msimu wa kharif, yaani wa mvua za manyunyu, Salalah ilikuwa kijani tupu, manyunyu hayakatiki, wageni wametoka Maskati, Dubai mpaka Ulaya. Upepo wenyewe ni kusi hii hii yetu, iliyokuwa ikiyarudisha majahazi Arabuni. Vibanda vya barabarani vimejaa madafu, ndizi na mapapai, utasema uko Mwera. Halafu naingia jikoni kwako nakuta tui la kopo! Haki ya Mungu, dada, nazi zinauzwa hatua chache kutoka mlangoni.

Na wale wageni wako walifanya nini? Walisimama ukutani mikono nyuma, wakakutazama unamimina na kukoroga, kila kitu umeshakikatakata tangu alfajiri. Wakala, wakashukuru. Walishiba, sikatai, lakini ile ilikuwa karamu. Darasa sikuliona.

Mgeni mkalishe kwenye mbuzi. Mpe nusu ya nazi aishike kwa mikono miwili. Mwanzo atasukuma kwa pupa na kutoa mapande; mwambie azungushe taratibu, akianza kuona rangi ya kahawia asogee pengine. Nazi itamrukia mpaka kwenye nyusi, mwache. Kisha kifumbu na maji ya vuguvugu kidogo: akamue kasimele aiweke kando, aongeze maji, akamue tena apate tui jepesi. Nguru aliyelala kwenye ndimu na chumvi achemkie kwenye tui jepesi pamoja na bizari, nyanya na pilipili mbichi. Kasimele iingie mwisho, moto mdogo, na asiache kukoroga, lisije tui likakatika. Likikatika pia si msiba, ataona kwa macho yake ulichokuwa unamkataza. Chakula kimoja na wali wake kinatosha kumaliza mchana. Vile vitano unavyopika kwa saa mbili hakuna anayekumbuka hata kimoja akifika kwao.

Utasema mgeni amelipa, hataki kazi. Aliyetaka kuhudumiwa angekwenda hotelini.

Sasa lile bango lako la "Mapishi ya Kiomani". Naelewa, umeolewa huko, hutaki kuonekana mgeni unayejitangaza. Lakini madhbi, nyama ya juu ya mawe ya moto, Wadhofari, wenyeji wa huko Salalah, wanaichoma barabarani na huwawezi. Shuwa, ile nyama ya kufukiwa, hukaa shimoni usiku kucha na zaidi, utaifundishaje mchana mmoja? Mapishi ya kwao mwachie mama mkwe, tena umlipe. Wewe andika kwamba unatoka Zanzibar na unafundisha chakula cha Zanzibar. Oman si nchi ya kulionea haya hilo: wako waliokimbilia huko baada ya mapinduzi ya 1964, wengine wengi wakarudi huko huko Oman Sultani Qaboos alipotwaa utawala mwaka 1970, na nyumba ngapi za Maskati zinapika mandazi hadi leo? Siku mama mkwe akiwa na nafasi, mpikeni pamoja boko boko, ule uji mzito wa ngano na nyama, maana hata kwao ipo, tofauti mtaigombania wenyewe mbele ya wageni. Mimi ningelipia kuyaona hayo.

Kuhusu pesa, darasa liondoe kwenye bei ya chumba. Ukilichanganya na kifungua kinywa, watu wanaliona kama chai ya bure. Asiyelala kwako naye aruhusiwe kuja, alipe zaidi kidogo.

Mbuzi mbili na vifumbu viwili nimempa mtoto wa jirani anayesafiri kwenda Maskati, atakutafutia mtu wa kukuletea. Ulimi wa ile mbuzi ndogo nimeutia makali juzi, kwa hiyo watoto wasiichezee. Vifumbu usivitie sabuni ya manukato, suuza kwa maji moto na uvianike kivulini. Na mumeo mwambie ile kahawa yake bado naidai.

Mdogo wako