Dahlia ya damu ya mzee: mbona rangi haikukoza?

Kila msimu tunapokea lalamiko lilelile. Mteja alichukua kwetu kiazi cha dahlia ya damu ya mzee, akakipanda na kukilea vizuri, ua likachanua likiwa jekundu la kawaida tu, au kingo zake zikawa kahawia kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa. Anaamini tumempa aina nyingine. Ikiwa kweli tumekosea, tunambadilishia bila maneno mengi. Lakini mara nyingi kiazi ni chenyewe, ila ua limepikwa na jua.

Wekundu ule unaokaribia weusi unatokana na anthosianini, rangi ya asili ambayo petali hizi huwa nayo kwa wingi. Joto kali hupunguza utengenezaji wake, ndiyo maana mmea uleule hutoa ua lililofifia wakati wa joto na ua lililoiva barabara hewa inapopoa. Asili ya dahlia ni nyanda za juu za Meksiko na Amerika ya Kati, ambako usiku kuna ubaridi, na mmea haujasahau kwao. Tena petali nyeusi hufyonza joto kama nguo nyeusi inavyofanya juani. Ua jeupe lililo kando yake linaweza kupita salama siku ambayo hili linababuka.

Kwa hiyo chagua mahali kwa makini. Dahlia inahitaji jua kwa muda wa saa 6 au zaidi kwa siku ili ichanue vizuri, lakini hii yetu ipe jua la asubuhi, na mchana mkali upande wa ukuta au mti uikinge. Kama huna kivuli cha namna hiyo, tandaza wavu wa kivuli juu ya mimea pale tu matumba yanapoanza kuonyesha rangi. Usiifunike tangu mwanzo, kwa sababu mashina yatarefuka na kulegea, na maua yatakuwa ya kuhesabu.

Jambo la pili ni jina. Wengi huagiza 'Bishop of Llandaff' wakitarajia ua jeusi. Ni dahlia nzuri mno na nyuki huipenda, lakini kilicho cheusi pale ni majani. Ua lenyewe ni jekundu la kung'aa. Anayetaka ua lenye giza la mahameli achukue 'Arabian Night', inayofika kimo cha mita 1 hivi. Kwa maua ya kukata, tunampa 'Karma Choc', kwa kuwa jamii ya Karma ilizalishwa Uholanzi mahsusi kwa kazi hiyo, ikiwa na mashina marefu yaliyonyooka. Na tafadhali usitegemee mbegu. Dahlia za bustani zina seti 8 za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba sifa za urithi, kwa hiyo watoto wa ua moja hutoka kila mmoja na sura yake. Rangi uipendayo huipati tena ila kwa kugawa kiazi au kupandikiza vipande vya chipukizi.

Upandaji wenyewe hauna mambo mengi. Kiazi kiwe na jicho pale kinapoungana na shina la zamani. Kisicho na jicho hakichipui hata kiwe kinene namna gani. Kifukie sentimita 10 hadi 15 kwenye udongo usiotuamisha maji, na usikimwagilie mpaka chipukizi litokeze, maana hapo ndipo vingi huoza. Simika mti wa kuegemea siku ileile ya kupanda, usije ukakitoboa kiazi baadaye. Mmea ukifika sentimita 30 na kuwa na jozi 3 au 4 za majani, kata kilele. Inauma kufanya hivyo, najua, lakini shina moja litakupa matawi mengi ya kukata. Samadi nyingi yenye nitrojeni itakuletea majani tu.

Sasa tuje kwenye kukata, maana hapa ndipo maua mengi mazuri yanapotupwa bure. Waridi ukilikata likiwa tumba, litafunguka ndani ya chombo. Dahlia haifanyi hivyo. Ukiikata changa, itabaki changa mpaka inyauke. Subiri ichanue robo tatu au zaidi, kisha ligeuze ua utazame petali za nyuma. Zikiwa ngumu, kata. Zikiwa zimelegea na kukauka kidogo, umechelewa. Liache lipendeze bustani. Kata alfajiri, kabla jua halijaunyonya mmea, na ushuke chini hadi kwenye kifundo hata kama utapoteza matumba mawili ya pembeni. Mashina yatakayofuata yatakuwa marefu zaidi.

Wakulima wengi husimamisha mashina kwenye maji ya moto ya nyuzi joto 70 hadi 80 za Selsiasi, wakayaacha mpaka maji yapoe. Unaweza kujaribu, ila kwa maoni yangu saa ya kukata na chombo safi vina uzito zaidi. Badilisha maji kila siku, utakaa na maua yako siku 4 hadi 6. Yaweke karibu na dirisha au yachanganye na maua ya rangi hafifu. Kwenye kona yenye giza, damu ya mzee haionekani kabisa.

Msimu ukiisha, penye jalidi ng'oa viazi majani yakishaungua kwa baridi, uvihifadhi pakavu kwenye nyuzi joto 4 hadi 10. Pasipo jalidi vinaweza kubaki ardhini kama maji hayatuami, ila vigawe kila baada ya miaka michache. Mmea uliodumaa wenye michirizi ya njano kandokando ya mishipa ya majani yaelekea una virusi. Hauna dawa. Ung'oe wote na kiazi chake, uuchome, kisha safisha kisu kabla ya kugusa mwingine.

Ukiona rangi bado si ile uliyoagiza, tupigie picha mbili, moja ya ua na nyingine ya mmea mzima, utuambie unapata jua saa ngapi hadi saa ngapi. Kama ua lililochanua wakati wa ubaridi nalo halikukoza, kosa ni letu na kiazi kingine tunakupa.