Kwa nini hatuungi bomba la breki kwa shaba ya friji

"Tundu la sindano, nyinyi mwanilipisha bomba zima?" Maneno haya hayakauki hapa gereji kwetu Chake Chake. Juzi mteja mmoja kaondoka amenuna, anaamini tumemla pesa yake.

Anafufua Land Rover ya zamani. Kaitoa masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali, ya njia moja, kanunua ya Kijapani ya njia mbili. Kafanya la maana: njia moja ikipasuka, ya pili itamsimamisha. Ila mabomba alitaka yabaki yale yale, na palipoliwa na kutu tuunge kipande cha shaba ya friji.

Hatuungi. Tairi lako lina upepo wa baa (kipimo cha mgandamizo) 2 na kitu. Ukikanyaga breki kwa nguvu, mafuta bombani hufika baa 70 na kupita. Shaba tupu ikitikiswa sana inakakamaa, kisha inapasuka. Iliwahi kuletwa hapa pikapu ya kubebea samaki, maji ya chumvi yamedondokea bomba miaka, mwenyewe kaliunga huko huko kwao. Kwenye mteremko pedali ikazama mpaka chini, ikamwokoa hendibreki na shina la mwembe. Kile kipande nilikishika: ufa mwembamba kama unywele, nyuma tu ya nati.

Sisi tunatumia bomba la chuma au la shaba yenye nikeli, milimita 4.75, na mdomo tunaukunja mara mbili. Nati nazo zina mambo yake. Ile ya vipimo vya inchi ya Land Rover inaingia kwenye tundu la milimita 10 la masta silinda ya Kijapani, mtu akadhani imekubali. Imeshika meno machache tu. Ikaze, yanakatika, na masta silinda mpya imekwenda.

Kwa hiyo bei ile ni kazi ya siku nzima: kupinda bomba kwa mkono lifuate chesisi, kulibana lisisuguane na bodi, kutoa upepo masta silinda ikiwa bado kwenye jiriwa, kisha tairi moja moja tukianzia la mbali. Mafuta tunafungua chupa mpya mbele yako. Iliyokaa wazi imeshakunywa unyevu, na hewa yetu hii mnaijua. Mafuta ya breki ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205, yakishaingia maji yaweza kuchemka kwenye 140.

Bomba kuukuu hatulitupi, tumemwekea. Aje alikunje kwa mkono wake popote apendapo, hata mbali na lile tundu, aone kama litahimili.