Kabla ya kununua kitabu cha ushuru, tazama pesa zako huingiaje

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie vitabu vya mwongozo wa kujaza ritani, yaani taarifa ya mwaka ya mapato na ushuru, ambavyo watu hukimbilia kununua siku ya mwisho, tarehe 30 Juni, inapokaribia. Nina cyber hapa Kongowea, Mombasa, na msimu huo kazi yangu kubwa ni kuwajazia watu ritani kwenye iTax, mtandao wa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA). Siku hizi wengi huja na kitabu mkononi, na mimi hufurahi kwa dhati, maana mtu anayetaka kuelewa kinachowasilishwa kwa jina lake anastahili heshima. Kinachoniuma ni kwamba mara nyingi kitabu chenyewe si cha kazi yake. Ametoa pesa, amekesha akisoma, na bado hakijamhusu.

Chukua fundi wa vitanda na makabati. Mmoja wa wateja wangu alinunua kitabu kinene kilichofundisha, sura baada ya sura, jinsi ya kutoa gharama: mbao, gundi, mishahara ya vijana, kodi ya kibanda. Kitabu hakikuwa kibaya. Lakini mzee huyu analipa TOT, yaani ushuru wa mauzo wa biashara ndogo, na TOT hutozwa kwa mauzo yote bila kuondoa hata bei ya msumari. Ni asilimia 3 ya mauzo kwa biashara inayouza zaidi ya Sh1 milioni na isiyozidi Sh25 milioni kwa mwaka, nayo hulipwa kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Kitabu chake kilimkumbusha Juni peke yake. Hizo tarehe 20 hakikuzitaja popote.

Na kuna jambo ambalo mafundi wengi hawajaambiwa. Sheria humruhusu mtu kumwandikia Kamishna wa KRA kwamba hataki TOT, ili atozwe kwa faida kama wafanyabiashara wengine. Uamuzi huo si mdogo. Tuseme fundi ameuza vitu vya Sh2 milioni kwa mwaka, na baada ya gharama zote kimebaki Sh300,000. TOT yake ni Sh60,000. Akitozwa kwa faida, Sh288,000 za kwanza ni kwa asilimia 10, yaani Sh28,800, na Sh12,000 zilizobaki ni kwa asilimia 25, yaani Sh3,000. Ukiondoa nafuu ya Sh28,800 ambayo kila mkazi hupewa kwa mwaka, analipa Sh3,000. Elfu sitini dhidi ya elfu tatu! Lakini mauzo yakiwa yale yale na faida ikawa Sh900,000, mambo hugeuka: ushuru wa faida unakaribia Sh179,000, na hapo TOT ndiyo yenye nafuu. Kitabu cha fundi kinapaswa kumwekea hesabu hizi mbili pamoja ili achague mwenyewe.

Kisha kimwambie ukweli wa pili: tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haikubaliwi, isipokuwa chache zilizotajwa na sheria. Risiti ya mkono ya muuza mbao haitoshi tena. Akinunua kwa mkulima mdogo ambaye mauzo yake hayazidi Sh5 milioni kwa mwaka, basi mnunuzi ndiye hutoa ankara hiyo. Kitabu kisichoeleza hivyo kitamfanya fundi akimbie TOT, kisha akose vithibitisho vya gharama zake.

Wauguzi nao wana yao. Siwazungumzii wa hospitali za umma ambao hupata P9, fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara na ushuru uliokatwa kwa mwaka, na mambo yao yakaisha kwa haraka, bali wale wanaoitwa kushika zamu katika zahanati za watu binafsi, leo Bamburi, kesho Likoni. Malipo yakifika Sh24,000 kwa mwezi, zahanati hukata asilimia 5 na kuiwasilisha KRA. Dada zetu hawa wakiiona ile asilimia 5 imekatwa hudhani wameshamalizana na serikali. Wengine huniambia, “Niwekee nil, walishanikata.” Siwezi kuweka nil, yaani kwamba hakupata chochote, kwa sababu makato hayo ni malipo ya awali tu. Muuguzi lazima atangaze mapato yote, atoe gharama alizotumia kwa ajili ya kazi hiyo, kisha adai kile kilichokatwa kama malipo aliyokwisha kufanya. Wala TOT haimhusu, hata mapato yake yakiwa madogo kuliko ya fundi, kwa kuwa ada za kitaalamu, za usimamizi na za mafunzo zimewekwa nje yake. Ushuru wake wa mwaka ukizidi Sh40,000 anatakiwa kulipa kwa awamu nne: Aprili, Juni, Septemba na Desemba, tarehe 20. Mwongozo wa mwenye mshahara hauna ukurasa hata mmoja wa mambo haya, nao ndio unaonunuliwa zaidi kwa sababu ni mwembamba na bei yake ni rahisi. Nawasihi wauguzi, wakalimani, walimu wa masomo ya ziada na wote wanaolipwa kwa ada, wasiuchukue huo.

Mwalimu mwenye mshahara aliyejenga vyumba vya kupangisha Mtwapa anahitaji kitabu chenye sehemu mbili: P9 yake, na ushuru wa kodi ya nyumba, ambao ni asilimia 7.5 ya kodi yote anayokusanya, kila mwezi, ikiwa kwa mwaka ni kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni. Gharama za ukarabati haziondolewi.

Sasa tarehe. Usiangalie jalada, jalada huandikwa mwaka mpya wakati matumbo ni ya zamani. Fungua viwango. Ukiona asilimia 30 ndiyo ya juu kabisa kwa mapato ya mtu binafsi, kitabu ni cha kabla ya Julai 2023, kwa sababu tangu hapo kuna 32.5 na 35. Ukiona TOT ya asilimia 1 na kikomo cha mauzo cha Sh50 milioni, ni kabla ya Julai 2023 vilevile. Jihadhari hapa, kwani kitabu cha kabla ya 2020 nacho husema asilimia 3, ila kikomo chake ni Sh5 milioni. Kwa hiyo soma kikomo pamoja na kiwango. Ushuru wa kodi ya nyumba ukiwa asilimia 10, ni kabla ya Januari 2024. Wapiga picha na wahariri wa video watazame kiwango cha uchakavu wa kompyuta kinachoondolewa kwenye mapato kila mwaka: asilimia 30 ni ya kabla ya Aprili 2020, leo ni 25. Na wanaosafiri kikazi, posho ya siku isiyotozwa ushuru ilipanda kutoka Sh2,000 hadi Sh10,000 Julai 2025. Vijitabu vya katikati ya 2024 ndivyo vya kuogopwa zaidi, kwa sababu Mswada wa Fedha wa mwaka huo uliondolewa baada ya maandamano ya vijana, na mtu anaweza kusoma pendekezo lililokufa akadhani ni sheria.

Vijana wanaowaandikia wateja wa ng’ambo mtandaoni, msinunue vitabu vya Marekani kwa kuwa mteja yuko Marekani. Siku yao ya mwisho ya kuwasilisha ritani huwa tarehe 15 Aprili, na fomu zao si zetu. Ukiwa mkazi wa Kenya, kazi uliyoifanyia hapa ukilipwa kwa dola hutangazwa hapa.

Mimi nikishika kitabu hutafuta kitu kimoja kwanza: mfano uliojazwa, wa mtu wa kazi hiyo, kuanzia mauzo au malipo yake hadi shilingi ya mwisho. Kama mfano pekee ni wa “Bwana X, mwajiriwa”, na mteja wangu ni fundi, humshauri akirudishe dukani ikiwa bado ana risiti.

KRA hutoa maelezo bila malipo, na nawashukuru. Ila maelezo hayo yamepangwa kwa majina ya ushuru, na fundi hajui jina la ushuru wake mpaka mtu amweleze. Ndiyo maana naviomba vyama vya wauguzi, vya wapiga picha, vya mafundi wa jua kali, kila kimoja kitoe kijitabu chake, kwa Kiswahili, kifanyiwe marekebisho kila Sheria ya Fedha inapopita. Kurasa thelathini zinatosha. Wachapishaji nao wavitoe Januari badala ya Juni, maana Juni mtu hawezi tena kudai ankara ya eTIMS ya mbao alizonunua mwaka uliopita.

Nawe Mhariri, gazeti lako linafika hata kwenye karakana ambazo hazina kitabu. Tenga ukurasa mmoja kila mwezi kwa kazi moja, uwe na hesabu iliyojazwa. Anza na mafundi, na ukurasa huo utoke mapema Februari, kwa kuwa TOT ya Januari hudaiwa ifikapo tarehe 20.

Mhudumu wa cyber,
Kongowea, Mombasa